NENO LA MWEZI: Akina Mama wa Kireka na Neema ya Kutoa

Tunawasalimu wote mlioko kambini, na ninyi pia mliohamia huku Kampala kutafuta maisha, ambao karatasi hii inawafikia ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa mtu aliyeshuka kwenye basi. Sisi walimu wenu wa kujitolea tuko wazima. Watoto wanasoma, chaki ipo kidogo, Mungu ni mwema.

Mwezi huu tulitaka kuandika juu ya mitihani. Tumeiacha kwanza, maana kuna swali limetukaa kooni.

Mwezi uliopita tuliwaomba wazazi wa watoto tunaowafundisha huku mjini wachange kidogo kidogo kwa ajili ya familia zinazofika mpya kutoka Kongo. Baba mmoja mwenye heshima zake akatuvuta pembeni. Akasema, "Walimu, mimi sikatai. Lakini tangu nitoke kwetu nimekula cha kupewa. Mtu anayekula cha kupewa, yeye anatoa nini?" Tukacheka, naye akacheka, tukaagana. Lakini njia nzima hakuna aliyeongea. Lile halikuwa swali la mzaha.

Mlioko kambini mnajua kuliko sisi. Mwaka 2020 WFP walipunguza chakula kwa asilimia 30. Mwaka 2021 wakapunguza tena, tukabaki na asilimia 60 ya kile cha mwanzo. Mwaka 2023 familia zikagawanywa kwa makundi matatu, na kundi la tatu halikupewa kitu. Mwaka 2025 watu karibu milioni moja wakaondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula hapa Uganda. Na sie wa Kampala hatuna hata cha kupunguziwa, kwa sababu tangu zamani utaratibu ni kwamba mkimbizi anayechagua kukaa mjini anajitegemea mwenyewe. Kodi ya chumba, maji ya jerikeni, makaa, karo ya shule, yote juu yako. Ukiumwa, juu yako. Kwa hiyo mtu akisimama mbele yako akasema "toa", una haki ya kumwangalia mara mbili.

Kabla ya kumjibu yule baba, tuna jambo la kuungama. Wengine walitushauri tusiliandike. Tunaliandika.

Goma ilipoanguka mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watu wetu walivuka kwa wingi kuingia Uganda kupitia Kisoro na Kanungu. Wengine hawakukaa kwenye vituo vya kupokelea, walikuja moja kwa moja mpaka Kampala kwa sababu wana ndugu huku, au wanafikiri wana ndugu. Familia moja ilifika kwenye chumba cha kanisa tunachofundishia. Mama, watoto wanne, na kaka yake huyo mama mwenye mguu mbovu. Ndugu waliyemfuata alikuwa amehama, na simu yake haipatikani. Walikuwa na begi moja na sufuria moja. Mtoto mdogo alivaa kandambili za mtu mzima, zimefungwa kwa kamba.

Sisi walimu tukakaa kikao. Tulikuwa wanne. Tukahesabu tulicho nacho, na tusidanganyane, hesabu ile ilikuwa fupi. Hakuna kati yetu mwenye mshahara. Tunapewa nauli pale wazazi wanapokuwa nayo. Tukazungumza sana, tukataja matatizo yetu mmoja mmoja, kila mtu na lake, mwishowe tukaamua: tuwaombee, tuwaelekeze ofisini, tuwaambie Mungu atawatangulia. Na kweli tuliwaombea. Tuliomba vizuri sana, kwa sauti, mmoja wetu hata machozi yalimtoka. Halafu tukakusanya madaftari yetu tukaanza kwenda nyumbani, na ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na wale watoto hawakuwa wamekula.

Wanaosoma Biblia wameshaliona kosa letu. Yakobo kwenye barua yake, sura ya pili, amemweka mtu wa namna yetu pale pale, yule anayemtakia ndugu yake amani na joto na shibe huku mikono yake iko mfukoni. Tumeisoma sura ile mara nyingi. Tumeifundisha hata kwa watoto, na kuwapa swali la mtihani juu yake. Siku yenyewe ilipofika hatukuikumbuka.

Mlangoni tukakutana na koko mmoja ambaye mjukuu wake yuko darasa letu. Kazi yake ni kutwanga sombe na kuiuza kando ya barabara. Alikuwa amebeba sufuria imefungwa kwa kitenge, mvuke unatoka. Bugali, sombe na ndagala. Tukamsalimu kwa heshima, tukamweleza kwamba tumekaa kikao, tumeangalia hali, tumeona hatuna kitu. Akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Walimu wangu, mimi sikuuliza muko na nini. Niliuliza watoto wamekula nini." Akapita katikati yetu akaingia ndani.

Tulibaki pale kama wanafunzi walioshindwa hesabu ubaoni. Tena hesabu rahisi.

Tukiwa njiani mmoja wetu akasema, "Huyu koko ni kama wale akina mama wa Kireka." Sisi wengine hatukuwa tumesikia habari zao. Akatusimulia. Baadaye tukauliza watu, tukasoma, tukaona ni habari ambayo kila familia ya wakimbizi ingefaa kuijua, maana imetokea hapa hapa Kampala, si mbali.

Ukitoka katikati ya mji kwa barabara ya Jinja, ukapita Nakawa na Kyambogo, unafika Kireka. Ni njia wanayopita mahujaji wengi kila tarehe 3 Juni wakienda Namugongo, kule walikochomwa mashahidi wa Uganda mwaka 1886. Pale Kireka kuna mtaa wa kilimani unaitwa Acholi Quarter. Waliokuja kukaa pale ni Waacholi waliokimbia vita ya kaskazini, vita ya LRA ya Joseph Kony, iliyoanza miaka ya 1980 na kuwatesa watu huko miaka karibu ishirini. Ni hao hao LRA waliokuja baadaye kuua watu wetu kule Faradje na Doruma wakati wa Krismasi ya mwaka 2008, kwa hiyo hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu kitu gani watu wale walikikimbia.

Kwa makaratasi hawakuwa wakimbizi kama sisi, maana hawakuvuka mpaka wowote. Walikuwa raia wanaohamahama ndani ya nchi yao. Lakini mama aliyeacha shamba lake na kaburi la mume wake, akafika mji asiojua lugha yake, na watoto hawana shule, huyo hatutofautiani naye sana.

Kazi waliyoipata ni mawe. Pale Kireka kuna machimbo. Mama anakaa chini juani, jiwe mbele yake, nyundo mkononi, mtoto mchanga kando kwenye kitambaa, anagonga jiwe mpaka liwe kokoto ya kujengea nyumba za watu wengine. Anajaza jerikeni, analipwa kwa jerikeni. Vumbi linaingia kifuani, vipande vinaruka machoni. Miaka ile mapato ya siku nzima yalihesabiwa kuwa kama dola moja na senti 20 za Kimarekani. Na wengi wa akina mama wale walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI.

Sasa tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga kilichoitwa Katrina kilipiga kusini mwa Marekani. Mji wa New Orleans ulifunikwa na maji baada ya kuta za kuzuia maji kubomoka. Watu walipanda juu ya mapaa. Maelfu walijazana kwenye uwanja wa michezo, wakalala chini, bila maji safi, bila choo cha maana. Waliokufa walikuwa zaidi ya 1300. Habari hizo zikafika Kireka.

Hakuna aliyewaomba kitu akina mama wale. Nani angewaomba? Lakini waliposikia kwamba kuna watu wamepoteza nyumba, wako na watoto wao wanalala chini kwenye ukumbi wa watu, wao wenyewe wakasema tuchange. Wakarudi kwenye mawe. Wakagonga zaidi. Wakaleta kidogo kidogo, na fedha zilipohesabiwa zilikuwa karibu dola 1000. Zikatumwa Marekani.

Tupige hesabu kidogo, ndiyo kazi yetu. Mtu anayepata dola moja na senti 20 kwa siku, ili afikishe dola 1000 bila kula hata siku moja, anatakiwa apasue mawe zaidi ya siku 800. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili. Walikuwa wengi, ni kweli, waligawana mzigo. Lakini kila sarafu ilitoka chini ya nyundo.

Watu waliwashangaa, na haki yao. Marekani! Nchi ambayo wengi wetu tuliota jina letu litokee kwenye orodha ya kwenda huko, kabla mlango haujafungwa Januari 2025. Mtu wa mawe anampelekea mtu wa Marekani fedha? Walipoulizwa, jibu lao lilikuwa na maana hii: wale wanaoteseka ni watu wetu, na watoto wao ni kama watoto wetu. Ati hayo tu.

Sisi tulipoisikia habari hii mara ya kwanza, tuseme ukweli, mmoja wetu alikasirika. Alisema ni upumbavu, matajiri wana serikali yao. Tukabishana mpaka usiku. Kilichomnyamazisha si hoja yetu, ni sehemu ya pili ya hadithi, ambayo watu wengi hawaisimulii kwa sababu haina dola ndani yake.

Kuna muuguzi Mganda anaitwa Rose Busingye. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 yeye na wenzake wanawahudumia wagonjwa wa UKIMWI hapa Kampala, na kundi lao linaitwa Meeting Point International. Akina mama wa Kireka ni watu wake. Rose mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyochoka. Dawa zilipatikana, akawapelekea, na wao hawakuzimeza. Mtu anapewa dawa ya kumwokoa maisha, anaiweka tu. Kwa nini? Maana aliona maisha yenyewe hayana thamani ya kuokolewa. Waliambiwa na vita kwamba wao si kitu. Waliambiwa na ugonjwa. Wengine waliambiwa hivyo na waume zao. Rose anasema kilichobadilisha hali ni pale akina mama wale walipogundua kwamba wana thamani, kwamba kuna anayewapenda jinsi walivyo, kabla hawajafanya lolote, na kwamba thamani hiyo ni kubwa kuliko ugonjwa. Hapo ndipo walipoanza kumeza dawa. Hapo wakaanza kucheza ngoma, kuimba, kutengeneza mikufu ya shanga za karatasi. Na hapo ndipo habari ya Katrina iliwakuta.

Mnaona mfuatano wake? Ndugu zetu, neno neema tunalitamka kila siku mpaka limekuwa kama salamu. Tunawapa hata mabinti zetu jina hilo. Darasani tunao wanne, na wawili wanakaa benchi moja. Lakini neema maana yake ni kupendwa bure. Bila kustahili. Bila kadi, bila kuhojiwa, bila kuambiwa rudi kesho. Mtu ambaye hajawahi kupendwa namna hiyo, hata ukimwambia atoe, atatoa kwa woga au kwa kutaka kitu. Aliyepokea neema kweli kweli, hata kama mfuko wake ni mtupu, kuna kitu kinaamka ndani yake kinamtazama mwingine.

Mtume Paulo aliliona jambo hili, naye aliliandikia kanisa la Korintho. Fungueni Wakorintho wa Pili sura ya 8, msome taratibu nyumbani jioni. Kulikuwa na njaa na shida kwa waamini wa Yerusalemu, na Paulo alikuwa anazunguka kukusanya msaada. Makanisa ya Makedonia, yaani watu wa Filipi na Thesalonike, walikuwa maskini kabisa, tena katikati ya mateso. Inaonekana Paulo hakutegemea kitu kikubwa kwao. Kumbe wao ndio waliomsihi! Waliomba kama mtu anayeomba kazi, wasiachwe nje ya mchango. Na angalieni Paulo anavyoianza habari hiyo. Haanzi kwa kusifu ukarimu wao. Anaanza kwa kusema kwamba anataka kuwaarifu juu ya neema ambayo Mungu aliwapa makanisa hayo. Kwa Kigiriki alichoandikia, neno charis analolitumia kwa neema ya Mungu ndilo hilo hilo analolitumia kwa ule mchango. Kwake yeye, kupewa nafasi ya kutoa ni neema.

Sasa hapa lazima tusimame, kwa sababu tunajua nani anapenda kuhubiri sura hii.

Tumekaa Kampala ya kutosha. Tumewaona wanaokuja kwenye mikutano ya wakimbizi na kapu kubwa. "Panda mbegu, Mungu akufungulie njia ya Amerika." "Panda mbegu, faili yako isogee." Tunamjua mama aliyeuza godoro lake akapanda mbegu, na faili haikusogea, na sasa analala kwenye mkeka na aibu ya kusimulia. Hatutaji jina la mtu wala la kanisa, hiyo si kazi ya ukurasa huu. Lakini tunasema wazi: hiyo si neema. Ukitoa ili ulipwe, umefanya biashara, na ukidanganywa kwenye biashara hiyo, aliyekudanganya ana dhambi, si wewe uliyekosa imani. Wamakedonia hawakuahidiwa safari. Akina mama wa Kireka hawakutegemea viza; walirudi kwenye mawe yale yale siku iliyofuata. Fedha yao ilikwenda kwa wenye shida. Haikwenda kwa mhubiri. Mkitaka kipimo cha kujua mchango wa kweli, angalieni tu fedha inaishia kwa nani.

Na neno lingine kwa wazazi. Paulo katika sura hiyo hiyo anasema hataki wengine wastarehe halafu nyinyi mtaabike; mtu anatoa kulingana na alicho nacho. Mtoto wako akilala njaa ili jina lako lisomwe kwenye orodha ya wachangiaji, hatutafurahi. Orodha yenyewe hatusomi. Tulikuwa tunaisoma zamani, tukaacha, baada ya kuona akina baba wengine wanakimbia ibada siku ya kusomwa majina.

Kuna mjane wa Sarepta pia, Wafalme wa Kwanza sura ya 17, tunamkumbuka kila tukiona jiko linawashwa kwa vijiti. Wengi tunamsimulia kama hadithi ya unga usiokwisha. Lakini mtazameni Eliya kwanza. Alikuwa amemkimbia mfalme wa kwao. Alivuka akaingia nchi ya Sidoni, ugenini, hana chakula. Tungemwita nani leo? Na aliyemlisha ni mama mgeni wa dini nyingine, ambaye naye alibakiwa na mlo mmoja. Katika Biblia mara nyingi nabii ndiye mpokeaji, hata Bwana Yesu alipokea maji na chakula na mahali pa kulala. Kupokea hakuna aibu. Tunalisema hili kwa vijana wenzetu hasa, wanaojificha siku ya mgao wasionekane kwenye mstari.

Na nafasi hizi zinabadilika. Wenyeji wetu hapa nao wanajua. Watu wa West Nile walikimbilia kwetu Zaire na Sudan baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wakakaa kule miaka, wakalimiwa na kulishwa. Leo ni wao wanaowapa Wasudani Kusini mashamba. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata Wazungu walikuwa wakimbizi Uganda: Wapolandi kwa maelfu waliwekwa Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja upande wa Mukono. Kule Nyabyeya walijenga kanisa kwa mikono yao, na bado lipo, Waganda wanasali ndani yake. Wakimbizi wale waliondoka zamani, na walichokitoa bado kinatumika.

Turudi kwa akina mama wa Kireka kidogo, maana sisi kama walimu hatuwezi kuacha hili. Baadaye walisema wanataka watoto wao wasome mahali ambapo watafundishwa kwamba wana thamani, kama wao walivyofundishwa. Wakatengeneza mikufu ile ya karatasi, mingi sana, ikauzwa Italia na kwingineko, na fedha hizo zikasaidia kujenga shule ya sekondari hapa Kampala. Inaitwa Luigi Giussani, jina la padri Mwitaliano aliyefariki mwaka 2005. Shanga za karatasi, jamani! Sie tunalia hatuna madaftari.

Sasa ile familia ya Goma. Koko alileta sufuria yake siku tatu mfululizo. Siku ya pili sisi tulileta unga, kwa aibu zaidi kuliko kwa upendo, tunakiri, lakini unga wa aibu nao unapikika. Tulisogeza mabenchi, wakalala darasani wiki tatu. Mmoja wetu alimpeleka mama ofisini kujiandikisha, akapoteza siku nne kwenye foleni, na siku hizo wenzake walishika darasa lake. Mwingine alimtafutia yule kaka daktari wa mguu. Hatukuwa na fedha ya kumpa. Tulimsindikiza tu, tukamtafsiria Kiswahili kwa Kiingereza, na akatibiwa vizuri. Kumbe kutafsiri tunako! Tulikuwa tumekaa kikao kizima tukihesabu shilingi, hakuna aliyehesabu Kiingereza chetu cha sekondari, wala miguu yetu, wala benchi.

Hatutaki mfikiri mambo yote yalikwenda vizuri. Mama alihama mara mbili kwa sababu ya kodi. Mtoto wake wa pili mpaka leo haongei darasani. Sisi wenyewe kuna jioni tulichoka tukanuniana, na mmoja wetu aliacha kabisa kujitolea, amepata kazi ya kuuza duka, hatumlaumu, ana wadogo zake watano.

Na yule baba mwenye swali? Wiki mbili baada ya kutuuliza alikuja darasani asubuhi, na mfuko wa plastiki. Yeye ni fundi viatu, anakaa na sindano zake chini ya mti karibu na kituo cha taksi. Hakusema kitu juu ya mchango. Aliuliza tu, "Wale watoto wapya, nani kati yao hana kiatu?" Tukamwonyesha yule wa kandambili. Akamwita, akampima mguu kwa kijiti, akakivunja kijiti pale urefu ulipoishia, akakiweka mfukoni akaondoka. Jumamosi kiatu kilifika, kimetengenezwa kwa vipande vya viatu vitatu tofauti, lakini kimeshika.

Kwa wale wanaouliza, kikapu kipo nyuma ya mlango wa darasa, hakina jina la mtu. Weka unachotaka, au usiweke, hakuna anayeangalia. Mwezi uliopita tulikuta ndani yake chumvi, sabuni nusu mche, sweta ya mtoto, madaftari mawili yaliyotumika upande mmoja, na karatasi imeandikwa na mtoto wa darasa la nne kwamba anaweza kubeba maji kwa koko yeyote siku ya Jumapili. Ufunguo wa chumba anao yule mama wa Goma, yeye ndiye anagawa, maana anajua kumuuliza mgeni bila kumwaibisha. Walioko kambini, kama kuna mtu anakuja Kampala na ana nafasi kwenye mzigo wake, mwambieni abebe maharagwe hata kilo moja. Ya huku yamepanda bei, na wiki iliyopita familia nyingine mbili zimefika.

Mitihani tutaiandika mwezi ujao.